Kuna mtu amewahi kupanda parasailingi? Mwanangu anataka, mimi naogopa

mama_wa_wawili

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa haraka maana tunaondoka ijumaa. Tunaenda likizo ufukweni, mimi na mume wangu, wifi yangu na watoto wawili, mkubwa ni wa kike ana miaka 11 na mdogo ana 5. Huyu mkubwa kaona video ya watu wananing'inia kwenye mwavuli mkubwa juu ya bahari huku wanavutwa na boti, ndo ile wanaita parasailingi, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Asubuhi mama umeshaulizia? jioni mama umeshaulizia? Baba yake keshakubali, kasema watapanda wote wawili, kwahiyo kikwazo nimebaki mimi peke yangu.

Tatizo ni kwamba mi ni mtu wa kuogopa sehemu za juu sana. Hata ghorofa ya nne tu nikisogea kwenye reli ya baraza miguu inaisha nguvu na viganja vinatoka jasho. Sasa nikiwaza mwanangu yuko kule juu kafungwa mikanda na chini ni maji matupu, usingizi unakata kabisa. Lakini pia sitaki woga wangu mimi ndo uwe sababu ya yeye kunyimwa kitu ambacho pengine ni salama tu na watoto wenzie wanapanda kila siku, hilo nalo linaniuma.

Naomba kujua kwa waliopanda kweli, sio wa kusikia. Kamba ikikatika inakuwaje, wanaanguka kama jiwe au? Mtoto wa kilo 34 anaruhusiwa? Kupaa na kutua kukoje, lazima mkimbie kwenye mchanga kama nilivyoona kwenye video moja au kuna namna nyingine? Na nikifika pale ufukweni niangalie kitu gani kabla sijasema ndio, maana vijana wa boti najua kila kitu watasema hakuna shida mama. Nisaidieni jamani, na tafadhali msiniambie tu usiogope, nimeshaambiwa na mume wangu mara mia.

kipepeo_88

Dada pole, mi nimepanda mara mbili na naogopa ghorofa kama wewe kwahiyo ngoja nikueleze vile ilivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mnapelekwa na boti mpaka mbali na ufukwe. Nyuma ya boti kuna deki bapa, wanaufungua mwavuli pale pale unajaa upepo unabaki umesimama angani nyuma ya boti, ni mkubwa sana, kipenyo chake mita kama kumi hivi. Nyie mnakaa chini kwenye deki miguu imenyooka, mmeshavalishwa laifu jaketi na hanesi ambayo ni kama kiti cha mkanda kinapita chini ya mapaja na kiunoni. Kijana anachukua kulabu mbili anazibana kwenye ule mti wa chuma ulio juu ya mabega yako, unasikia kabisa kha! kha!, anavuta kwa nguvu kuhakikisha, afu anampungia mkono nahodha. Hapo winchi, ile mashine ya kuzungusha kamba, inaanza kuachia kamba taratibu na wewe unaondoka pale ulipokaa, yani hukimbii wala huruki, makalio yanaachana tu na deki na unaanza kwenda juu kinyumenyume.

Nilichokuwa naogopa ni lile tumbo kupanda kooni kama kwenye bembea. Halikutokea hata kidogo, wala mara ya pili. Kupanda kwenyewe ni pole pole, dakika moja hivi unaona boti inapungua inapungua mpaka inakuwa kama ndala imesahaulika kwenye maji. Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla ni ukimya. Injini unaacha kuisikia, unabaki na upepo unapiga mluzi kwenye kamba zako, mnaongea na mwenzio kwa sauti ya kawaida kabisa kama mpo sebuleni. Niliona kivuli cha mwavuli wetu kinatembea juu ya maji, duara dogo jeusi linatufuata kila tunakokwenda, mpaka leo nikifumba macho nakiona.

Kuhusu woga wa juu, mimi kwenye baraza kinachonitesa ni ule ukingo, kuhisi kwamba nikiteleza kidogo nimekwisha. Kule hakuna ukingo, umeketi na umeshikwa kila upande, kwahiyo woga ulikuja lakini sio ule ule, ulikuja dakika mbili tatu za mwanzo ukalegea. Siwezi kukuhakikishia na wewe itakuwa hivyo.

Mnakaa juu dakika kumi hivi afu winchi inawavuta mpaka mnatua pale pale kwenye deki mkiwa mmekaa. Kabla ya kuwavuta nahodha anaweza kupunguza mwendo mkashuka mpaka miguu inagusa maji afu anaongeza mwendo mnapaa tena, watoto hiyo ndo wanaipenda kuliko vyote, kama hamtaki mnasema mapema. Vaeni kaptula inayofika magotini maana mikanda inachubua mapaja, mi nilivaa fupi nikajuta siku nzima. Na kama kuna mtu anatapika kwenye vyombo vya maji ajiandae, shida haipo angani, ipo kwenye boti wakati mnasubiri zamu mnayumbishwa yumbishwa na moshi wa injini unawajia usoni.

mzee_wa_deki

Mama wa wawili salama. Nimefanya kazi kwenye hizi boti misimu sita, kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo aliyoieleza kipepeo ya kubana kulabu na kuangalia nyuma. Nitakujibu hilo la kamba kwanza maana ndo swali la maana na watu wengi wanalijibu nusu.

Kamba ikikatika hamuanguki kama jiwe. Mwavuli unabaki wazi juu yenu na mnashuka pole pole kama wanajeshi wa parachuti, mnatua majini. Vijana wa boti watakwambia mpaka hapo na watanyamaza, na hawajakudanganya, ila kuna kilichobaki. Hatari inaanza baada ya hapo kwasababu mwavuli ule ni tanga, na tanga likipata upepo halisimami. Upepo ukiwa mdogo mnatua, mnalala chali, boti inawafikia ndani ya dakika chache mnacheka. Upepo ukiwa mkali mwavuli unawaburuza juu ya maji, au mbaya zaidi unawabeba kuelekea nchi kavu kwenye majengo, nguzo za umeme na miamba. Watu walioumia vibaya kwenye huu mchezo wengi ni kwa namna hiyo. Kwahiyo ukiniuliza mimi uogope nini nitakwambia achana na kile kimo, uogope upepo.

Sasa elewa upepo unavyofanya kazi. Siku ya utulivu boti ndo inautengeneza, nahodha anaelekea kule upepo unakotoka na mwavuli unapokea upepo wa asili ukijumlisha na mwendo wa boti. Upepo wa asili ukiongezeka anapunguza mwendo, sawa. Lakini inafika mahali hata akisimamisha boti kabisa mwavuli haushuki, uko juu tu unavuta, na winchi inalia kwa mzigo. Ukumbuke upepo ukiongezeka mara mbili mvuto kwenye kamba hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kamba iliyokuwa imetulia saa nne asubuhi inaweza kuwa imekaza kama chuma saa nane mchana, na ndo muda huo ufukwe umejaa watu na mwenye boti hataki kufunga kazi.

Nenda asubuhi. Simama ufukweni uangalie bahari kabla hujaongea na mtu yeyote. Ukiona povu jeupe moja moja hapa na pale upepo ni wa kadiri. Ukiona bahari yote imechanua povu jeupe mpaka mwisho wa macho, siku hiyo chezeni mchanga. Kule Marekani jimbo la Florida walitunga sheria baada ya watu kuumia na kufa, imeanza kutumika Oktoba 2014, inakataza kurusha watu upepo ukizidi kama kilomita 32 kwa saa, au radi ikiwa ndani ya kilomita kama 11, na boti lazima iwe na redio ya mawasiliano na rekodi ya hali ya hewa ya siku ile. Hata kama huko mnakoenda hakuna sheria ya namna hiyo wewe itumie hiyo hiyo kama kipimo chako, upepo haubadiliki tabia kwa kuvuka mpaka. Radi unaweza kuipima mwenyewe, ukiona mwanga anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja, ikija chini ya sekunde 35 hakuna kupanda.

Kuhusu kamba yenyewe, sehemu inayochoka ni ile mita chache za mwisho karibu na mwavuli, pale penye fundo. Fundo lolote linapunguza nguvu ya kamba, na juu yake kuna chumvi, jua na mchanga vinailia kwa ndani. Sisi tulikuwa tunakata kile kipande cha mwisho mara kwa mara na kufunga upya, kiukweli mwenye boti alikuwa analalamika kamba inaisha lakini nahodha wetu alikuwa hasikii la mtu. Ukimwuliza kijana mmekata kamba lini akakujibu papo hapo bila kufikiri, hiyo ni dalili nzuri. Akikushangaa, ondoka. Na uitazame kwa macho yako, kamba iliyoota manyoya imeshachoka.

Kilo 34 peke yake hapana. Mwavuli ule kwa mtoto mwepesi unamnyanyua kupita kiasi na unamyumbisha sana. Apande na mtu mzima. Wakitofautiana sana uzito ule mti wa juu unainama upande mmoja, kijana anayeijua kazi yake anasogeza sehemu za kuning'iniza mpaka ukae sawa, ndo maana wanauliza kilo zenu na msidanganye kwa aibu. Na kwenye boti lazima wawe watu wawili wa kazi, mmoja anaendesha na mmoja macho yake yako nyuma kwa walioko juu muda wote.

SaidiMwendo

Mimi nitaongea upande mwingine maana yangu haikuwa nzuri na sitaki mtoto yampate yale.

Mimi nilipanda ile ya kukimbia kwenye mchanga. Boti iko majini, kamba imenyooka mpaka ufukweni, wewe umesimama umefungwa, jamaa anakwambia kimbia, hatua tatu nne unanyanyuliwa ghafla, sio taratibu kama alivyosema kipepeo hapo juu, ni kunyakuliwa. Juu kulikuwa kuzuri sikatai. Tatizo likawa kutua. Waliniambia ukisikia filimbi vuta huu mkanda wa kulia, basi, hayo ndo mafunzo yote, na waliniambia huku wanafunga mtu mwingine. Nimefika juu upepo unavuma masikioni, filimbi sijui ni ya kwangu sijui ya mtu wa jetiski, nikavuta nimechelewa, nikapita sehemu ya kutua nikadondokea mchanga mgumu karibu na ngazi za mawe. Kifundo cha mguu kikavimba likizo nzima nikawa wa kukaa kivulini. Hatua kama sita zaidi ningekuwa nimezigonga zile ngazi, hilo ndo linaloniamsha usiku.

Nilivyorudi kulalamika wakanionyesha fomu niliyosaini, imeandikwa nimepanda kwa hiari na wao hawahusiki na lolote. Niliisaini huku nimesimama nimeshika viatu mkononi, sikusoma hata mstari. Bima yangu ya safari nayo nilikuja kugundua ilikuwa imeiweka michezo ya namna hii pembeni, ungetakiwa uiombe mapema. Kwahiyo dada piga simu kwa watu wa bima kabla ya ijumaa uwaulize kwa jina la mchezo kabisa, na hiyo ya ufukweni usimpandishe mtoto, tafuta boti yenye winchi.

nesi_wa_zamu

Naongezea kidogo ya kiafya. Mjamzito hapana. Mwenye shida ya mgongo au shingo, moyo, kifafa, au aliyefanyiwa opresheni karibuni aongee na daktari wake kwanza, maana kule juu hamna namna ya kumfikia mtu haraka, mpaka winchi imshushe. Aliyekunywa pombe asipande hata kama ni kidogo.

Kwa mtoto angalia sana laifu jaketi. Wengi wanamvalisha mtoto jaketi la mtu mzima wanakaza mikanda wanaona inatosha. Mshike mabegani pale kwenye jaketi umnyanyue juu, likipanda mpaka masikioni au kidevu kikazama ndani basi kwenye maji litamvuka kabisa. La mtoto linakuwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, hilo ndo la kudai.

Na muongeeni nyumbani mapema nini mtafanya mkitua majini, msisubiri kuambiwa pale kwenye kelele za injini. Mnalala chali miguu mbele, hamuogelei kuelekea mwavuli ulipo maana zile kamba zinafunga miguu, mnasogea upande ule upepo unakotoka na mnasubiri boti. Kama mtoto hajazoea kabisa kuelea kwenye maji ya kina mi ningesubiri mwaka mwingine, sio kwasababu jaketi halifanyi kazi, ni kwasababu ya taharuki.

mama_wa_wawili

Jamani asanteni sana sana, sikutegemea. Nimesoma yote mara mbili na nimempa mume wangu asome ile ya mzee wa deki amenyamaza kimya, yeye alijua ni kupanda tu. Bima nimepiga, kweli haikuwemo, wameiongeza. Binti anaogelea vizuri, anafundishwa miaka mitatu sasa.

Yeye mwenyewe ana swali nimemwahidi nitaliuliza. Kwenye picha moja ameona mwavuli nyuma una matundu mengi kama umechanika, anauliza je ni mbovu?

mzee_wa_deki

Mwambie ameangalia vizuri na sio mbovu, yale matundu ndo siri yenyewe. Parachuti la zamani la duara lilikuwa linashuka tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa mmoja, Pierre-Marcel Lemoigne, akalitengeneza parachuti lenye nafasi zilizopangwa ili hewa iliyojaa ndani itokee nyuma. Hewa ikitoka kwa nyuma mwavuli unasukumwa mbele, na ukivutwa kwa kamba badala ya kuburuzwa unapaa. Mwanzo kabisa halikuwa jambo la likizo, walilitumia kufundishia waruka parachuti, wanavutwa na gari au boti mpaka juu afu wanaachiwa wajifunze kutua bila gharama ya ndege. Kwahiyo akifika pale ayahesabu yale matundu aone yamepangwa sawa kushoto na kulia, tundu lililo peke yake upande mmoja ndo la kuuliza.

Na jingine la kumwambia, kamba ya mita 200 haimpeleki juu mita 200 maana inalala mshazari, anakuwa chini ya hapo.

Chuma_Mboga

Nafuatilia huu uzi maana na sisi tunaenda mwezi ujao. Mama wa wawili ukirudi usitusahau, tuambie ilikuwaje.

mama_wa_wawili

Nimerudi, na nimepanda mimi. Ngoja nieleze.

Siku ya kwanza tumefika ufukweni mchana baada ya kulala kidogo, bahari imechanua povu kila mahali kama alivyosema mzee na juu kuna miavuli miwili inaruka. Mume wangu akasema mbona wenzetu wanapanda. Nikamfuata kijana wa boti nikamwuliza upepo ukifika wapi mnaacha kurusha, akanijibu mama upepo ni upepo tu, tumezoea. Nikamwuliza kamba mmekata lini, akamwangalia mwenzie, mwenzie yuko kwenye simu. Nikasema asanteni tukaondoka. Binti alilia njia nzima kurudi hotelini, sio kulia kwa kelele, yale machozi ya kimya anaangalia dirishani, na niliumia kwasababu muda huo sikuwa na uhakika kama nimemlinda au nimemnyima.

Kesho yake tukaamka mapema. Maji yametulia. Tukapata boti nyingine, nahodha mtu mzima hivi, kabla sijamaliza swali la kamba kijana wake akanionyesha mwisho wa kamba umekatwa jana jioni, fundo jipya linang'aa. Akachukua uzito wetu kwenye mizani, akaleta jaketi la mtoto lenye mkanda wa katikati, nikamshika mabegani nikamnyanyua halikusogea. Akatufundisha ishara tatu za mkono, gumba juu niko sawa, mkono unapunga nishusheni, na ngumi kichwani ambayo ni ya wao kutuambia tunawavuta. Akatutaka tumrudishie moja moja mpaka alivyoridhika. Mdogo alibaki ufukweni na shangazi yake.

Sasa kwenye boti tunasubiri zamu, kulikuwa na wanandoa mbele yetu, mume wangu akaanza kubadilika rangi. Mi nikajua tu. Akainama pembeni akatapika, akatapika tena, zamu yetu imefika kajilaza kwenye benchi ananipa ishara ya hapana. Nahodha akasema mtoto peke yake hapandi, kilo zake hazitoshi. Binti hakusema kitu, aliniangalia tu. Akashika ule mkanda wa jaketi lake kwa mikono miwili akaniangalia.

Nikakaa kwenye deki. Miguu inatetemeka mpaka kisigino kinapiga mbao. Kijana akabana kulabu zangu akavuta, akabana za mtoto akavuta, akasogeza kiti cha mtoto kwenye ule mti afu akaniuliza mama niwaachie? Mi nikafumba macho nikaitikia kwa kichwa. Kipepeo ulisema kweli, halikuwepo lile tumbo. Nilisubiri lije na halikuja. Lakini macho niliyafumba, nimeshika mikanda vidole vimeganda, naomba Mungu kimoyomoyo, na ule ukimya uliosema mi mwanzoni ulinitisha zaidi maana nilijua sasa tuko mbali. Afu nasikia mwanangu anaongea kwa sauti ya chini kabisa, mama fumbua macho, kivuli chetu kile pale.

Nikafumbua. Kilikuwepo kweli. Duara dogo, na pembeni yake maji yanabadilika rangi kutoka kijani kuwa bluu nzito kama mtu kachora mstari. Nikakiangalia hicho kivuli tu muda mrefu sababu kuangalia boti nilikuwa siwezi, na yeye ananielezea kila kitu anachokiona, mama kuna samaki kundi, mama baba amekaa sasa, mama hesabu matundu yako sawa kushoto na kulia. Woga sikuuacha chini, nilikuwa nao mpaka mwisho, boti ilivyokata kona mwavuli ukayumba nikapiga kelele jina lake. Yeye akanishika mkono.

Mzee wa deki Mungu akubariki, nakwambia ukweli bila yale maelezo yako siku ya kwanza tungepanda na wale. SaidiMwendo pole na mguu.

Chuma_Mboga

Nimesisimka. Samahani dada swali dogo, mi navaa miwani na bila miwani sioni kitu, wanaruhusu?

mama_wa_wawili

Wanaruhusu, binti yangu anavaa pia. Tulifunga kamba ile ya nyuma ya kichwa ikakaza kabisa, na yule kijana akaongezea uzi mwingine akaufunga kwenye jaketi. Simu usiende nayo juu, waachie wao, wanapiga picha kutoka kwenye boti.

mzee_wa_deki

Mama wa wawili hongera. Waliwachovya?

mama_wa_wawili

Walituchovya, mpaka magotini. Nahodha aliuliza kwa mkono, mi nikakataa, yeye akanyoosha gumba.